Spiriti kwenye kitambaa, si kwenye kibodi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Kompyuta ya kazini kwetu tunaitumia watu watatu kwa zamu. Wiki iliyopita mmoja wetu alikuwa na mafua makali, basi nikachukua spiriti ya chupa ya kupulizia, nikainyunyizia kibodi yote pamoja na kipanya, kisha nikafuta kwa tishu. Tangu siku hiyo herufi N na kitufe cha nafasi vinanata, na kipanya kinarukaruka. Mwenzangu ananiambia eti kibodi ina vijidudu kuliko choo. Nifanyeje niue vijidudu bila kuiua kibodi?

JIBU: Pole kwa usumbufu, ila usianze kuwaza kununua nyingine. Hujaua kitu. Ulichofanya ni kuloweka vumbi. Chini ya vitufe vya kibodi iliyotumika mwaka mzima kuna mchanganyiko wa vumbi, ngozi iliyopukutika, nywele na mafuta ya vidole. Ukiwa mkavu, mchanganyiko huo hukaa pembeni bila kumsumbua mtu. Spiriti uliyopuliza iliteremka kati ya vitufe, ikayayeyusha yale mafuta, ikayabeba pamoja na vumbi hadi kwenye mhimili ambamo kitufe hupanda na kushuka. Yenyewe ikaruka hewani baada ya muda mfupi, tope likabaki. N yako inanata kwa tope hilo. Kitufe cha nafasi ndicho kirefu kuliko vyote, na uchafu mwingi hujificha chini yake, kwa hiyo nacho kikapata fungu lake.

Kwa maneno mengine, dawa uliyochagua ilikuwa sahihi, ulichokosea ni mpangilio. Kibodi husafishwa kavu kwanza, halafu kwa unyevu kidogo wa kuondoa mafuta, na dawa ya kuua vijidudu huja mwisho, tena ikiwa kwenye kitambaa. Hakuna kimiminika kinachopulizwa moja kwa moja juu ya kibodi.

Sasa hiyo habari ya choo. Haikutoka hewani. Mwaka 2008 jarida la Which? Computing la Uingereza lilipima kibodi 33 za ofisi yake ya London, na moja ikakutwa na vijidudu mara tano ya vile vya kiti cha choo. Moja kati ya 33, lakini ndiyo iliyosafiri dunia nzima. Kiti cha choo ni kitu laini, hakina pembe za kujificha, na husuguliwa kwa sabuni mara kwa mara, ndiyo maana karibu kila kitu cha mezani kinaweza kukishinda kwa idadi. Na idadi ya vijidudu si idadi ya magonjwa. Wengi wa wanaokaa kwenye kibodi ni bakteria wa ngozi ya kila siku, ambao tayari unao mikononi.

Hata hivyo wasiwasi wako una msingi, kwa sababu mko watatu. Kibodi ya mtu mmoja hubeba vijidudu vya mtu huyohuyo. Kibodi ya zamu hupitisha vya huyu kwa yule, na vidole havikawii kufika puani au machoni. Virusi vya mafua makali, ile influenza, vinaweza kubaki hai kwenye plastiki ngumu kwa saa 24 hadi 48. Zamu ya jioni inaweza kabisa kuachiwa kitu na zamu ya asubuhi.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda sana kwenye suala hili, na si kwa sababu ya dawa zilizojaribiwa humo. Mwaka 2006 William Rutala na wenzake huko North Carolina, Marekani, walichukua kibodi 25 za hospitali. Bakteria wa ngozi wa jamii ya stafilokoka walikuwa kwenye zote 25. Kisha wakajaribu dawa mbalimbali za kuua vijidudu, alkoholi ya isopropili (aina mojawapo ya spiriti) ikiwemo, na pembeni wakaweka kitambaa chenye maji safi matupu ili wapate cha kulinganisha. Dawa zote ziliondoa au kuua zaidi ya asilimia 95 ya bakteria waliowapandikiza kwa ajili ya jaribio. Maji matupu nayo vilevile. Kazi kubwa ilifanywa na kusugua! Tena walifuta kibodi mara 300 kwa dawa hizo, herufi hazikufutika na vitufe viliendelea kufanya kazi.

Mimi nalisoma jaribio hilo hivi: mkono unaosugua ndio dawa ya kwanza, na kilicho ndani ya chupa ni msaidizi. Si msaidizi wa kudharau, maana maji humhamisha kijidudu kutoka kwenye kitufe kwenda kwenye kitambaa akiwa hai, ilhali spiriti humwua. Mgonjwa akiwepo, msaidizi huyo ni wa lazima. Ila aliyepuliza spiriti na kupitisha tishu juujuu, kama ulivyofanya, amekosa vyote viwili: hakusugua, na hakuipa dawa muda wa kufanya kazi.

Tuanze kazi. Zima kompyuta, chomoa waya wa kibodi na wa kipanya. Kama havina waya, vizime na utoe betri. Kama ni laptopu, izime kabisa na uchomoe chaja. Kuifunga tu hakutoshi, kwa sababu kitufe kikibonyezwa ikiwa imelala itaamka huku una unyevu mkononi.

Tandaza karatasi nyeupe mezani, ipindue kibodi juu yake, uigonge mgongoni kwa kiganja. Usiione haya karatasi ikijaa. Nimeshaona vikitoka vipande vya kucha, pini za karatasi, na siku moja hereni ambayo mwenyewe alikuwa ameshaililia. Karatasi nyeupe ina kazi yake: gonga, tazama, kunja karatasi utupe, tandaza nyingine, gonga tena. Karatasi ya tatu ikibaki safi, endelea.

Baada ya kugonga, pitisha brashi ndogo ya rangi yenye manyoya laini kati ya mistari ya vitufe, kibodi ikiwa imeinama ili vumbi lidondoke nje badala ya kuzama ndani. Mswaki mpya nao unafaa. Ukipata kopo la hewa iliyoshindiliwa, litumie, lakini lishike wima. Ukilipindua, gesi hutoka ikiwa bado kimiminika chenye baridi kali, na gesi yenyewe mara nyingi hushika moto, ndiyo sababu nyingine ya kuchomoa kila kitu. Puliza kwa mafupi mafupi, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kupuliza kwa mdomo, hapana. Unaongeza mate, na mate ndiyo yaliyotuleta hapa.

Kisha mafuta. Chukua kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kichovye kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, ukikamue kwa nguvu zako zote. Kipimo changu ni hiki: kibonyeze nyuma ya mkono wako. Ngozi ikipoa kidogo bila kung'aa kwa maji, kitambaa kiko tayari. Ikilowa, kamua tena. Sugua uso wa kila kitufe, na usisahau mbavu zake, kwa sababu utando ule wa kijivu unaouona ukitazama kibodi kwa ubavu hukaa hapo. Mbavu zinahitaji kijiti cha pamba. Kipitishe kati ya herufi mbili, kigeuze, kipitishe tena. Kikishakuwa cheusi chukua kingine. Vijiti kumi kwa kibodi moja si vingi. Rudia kwa kitambaa cha maji matupu ili sabuni isibaki.

Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayoamua kama dawa itafanya kazi. Mafuta na uchafu humfunika kijidudu kama blanketi, na spiriti ikimwagwa juu ya blanketi inamalizikia hapo.

Sasa dawa yenyewe. Tafuta alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, au spiriti ya hospitali ya kiwango kinachokaribiana na hicho. Watu hudhani asilimia 95 ni kali zaidi hivyo inaua zaidi. Sivyo. Maji yaliyomo kwenye ile ya 70 huichelewesha kukauka na huisaidia kupenya na kuharibu protini za kijidudu. Ile kali huruka hewani kabla ya kumaliza kazi. Soma chupa vizuri, maana spiriti za kuwashia moto au za mafundi rangi huwa zimechanganywa na vitu vingine, na zile zenye rangi zinaweza kuacha doa.

Lowesha kitambaa, si kibodi. Kikamue kisidondoke, ukikunje mara nne ili upate kurasa kadhaa za kutumia, na uanze mstari wa juu ukishuka. Ukurasa mmoja ukichafuka, geuza. Jambo la kuangalia ni muda: uso wa kitufe ubaki na unyevu kwa nusu dakika hadi dakika moja, kisha uuache ukauke wenyewe. Ukiona mstari wa kwanza umekauka kabla hujamaliza wa pili, rudia wa kwanza. Vitambaa vilivyolowekwa dawa kiwandani navyo ni vizuri, ila muda wake umeandikwa kwenye pakiti, na baadhi hutaka dakika kadhaa. Tishu iweke mbali. Ikilowa inachanika na kuacha vinyuzi, na nina hakika kipanya chako kinalijua hilo, nitafika huko.

Spiriti ina mipaka yake pia. Haiui spora, yaani yale maganda magumu ambamo baadhi ya bakteria hujihifadhi, na baadhi ya virusi vya kuharisha, kama norovirusi, huivumilia. Mwenzenu akiugua tumbo badala ya mafua, ile hatua ya sabuni na kusugua ndiyo iongezewe nguvu, pamoja na kunawa mikono kwa sabuni.

Jiki usiipe nafasi hapa. Klorini hula chuma na kubadilisha rangi ya plastiki, na ikikutana na spiriti, amonia au siki hutoa kemikali za sumu. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, huyeyusha plastiki ya ABS ambayo kofia nyingi za vitufe, yaani ile sehemu ya juu unayoibonyeza, zimetengenezwa kwayo. Utaona herufi imegeuka ute. Dawa ya vioo yenye amonia, hapana. Apple, kwa vifaa vyake, inaruhusu vitambaa vya isopropili ya asilimia 70 na inakataza bidhaa zenye klorini au haidrojeni peroksaidi. Kila kampuni ina maelekezo yake. Ya kifaa chako yanashinda yangu. Na ile jeli ya kutakasa mikono isipakwe kwenye kibodi, kwa kuwa ina glisirini ya kulainisha ngozi inayobaki ikinata. Hata mkononi, subiri ikauke kabla ya kugusa vitufe. Nimefungua kibodi za ofisini ambazo ugonjwa wake wote ulikuwa jeli.

Turudi kwa N. Kwanza jua una kibodi ya aina gani. Kama vitufe ni virefu, kila kimoja kina swichi yake chini na hutoa sauti ya kubofya au ya kugonga, hiyo ni ya mekanika, na kofia zake zimetengenezwa zing'olewe. Kama ni ya kawaida, laini na nyepesi, ndani kuna kofia za mpira zilizokaa juu ya karatasi tatu za plastiki zenye njia za umeme. Kwa nyingi, kofia za herufi hung'oka kwa kuvutwa taratibu, ila kuwa mpole. Kwenye laptopu, acha. Chini ya kila herufi kuna mkasi mdogo wa plastiki mwembamba kama kucha, na ukivunjika mara nyingi utabadilisha kibodi nzima.

Piga picha ya kibodi kabla ya kung'oa chochote. Unajua N iko wapi leo. Ukiwa na kofia 104 ndani ya bakuli utashangaa. Ng'oa N kwa kifaa cha waya cha kung'olea kofia, kikishika pande mbili, uvute wima bila kuyumbisha. Utaona tope nililokueleza, pete ya kahawia kuzunguka shina. Chukua kijiti cha pamba chenye spiriti (hapa ndani ndipo ile ya asilimia 90 na zaidi inapofaa, kwa sababu ina maji kidogo), kikamue kwenye ukingo wa kifuniko cha chupa, uzungushe kwenye shina mpaka pamba itoke nyeupe. Bonyeza shina mara ishirini, futa tena. Kitufe cha nafasi kina waya wa chuma unaokisawazisha pande zote mbili. Tazama ulivyokaa kabla ya kuvuta, na inua upande mmoja kisha mwingine. Waya ukikunjika, kitabonyea upande mmoja tu hata kikiwa kisafi namna gani.

Ukiamua kung'oa zote, ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kwa nusu saa, zisugue, zisuuze, uziache zikauke siku nzima zikiwa zimelala mdomo chini. Maji ya uvuguvugu, narudia. Nilipokuwa bado mwanafunzi wa ufundi nilizimwagia maji yaliyotoka jikoni yakichemka, nikijiona nimeua vijidudu vyote kwa mkupuo. Kitufe cha nafasi kilitoka kimepinda kama upinde, na mwenye kibodi alikuwa amesimama mlangoni.

Kwa laptopu njia ni hewa. Apple ilitoa maelekezo ambayo nayaona yanafaa kwa laptopu nyingi: iinamishe kwa nyuzi 75, karibu isimame wima, upulize kwa mkupuo wa kushoto kwenda kulia, kisha uigeuze ubavu wa kulia na kurudia, halafu wa kushoto. Kampuni hiyo ilikuwa na sababu ya kulijua suala hili, kwani vitufe vyake vya kipepeo, vilivyoanza mwaka 2015, vilikwama kwa vumbi dogo hivi kwamba mwaka 2018 ilianzisha mpango wa kuzitengeneza kibodi hizo bure.

Kipanya ni rahisi zaidi. Kipindue. Katikati utaona tundu dogo linalotoa mwanga, na ndani yake kuna kamera inayopiga picha za meza maelfu ya mara kwa sekunde na kulinganisha picha moja na inayofuata ili ijue umesogea wapi. Unyuzi mmoja wa tishu mbele ya kamera hiyo unatosha kuifanya ione mwendo usiokuwepo, na mshale unaruka. Utoe kwa kijiti kikavu cha pamba, na kama kuna ukungu wa mafuta, kijiti chenye unyevu mdogo tu wa spiriti. Usikandamize. Kisha kwangua kwa ukucha au kijiti cha meno ule mkanda mweusi unaojikusanya kuzunguka miguu yake ya plastiki. Fua na kitambaa chake cha chini, au kijaribu juu ya karatasi nyeupe, kwa sababu meza ya kioo au inayong'aa humchanganya kipanya mzima.

Gurudumu la katikati hufungwa na nywele. Ukilizungusha ili ushuke kwenye ukurasa, nao ukakurudisha juu kwa kushtuka, kuna vumbi ndani. Puliza hewa pembeni yake huku ukilizungusha. Vitufe viwili vya kipanya ndivyo vinavyoguswa kuliko kitu kingine chochote mezani, visugue kwa dawa kama ulivyofanya kwenye kibodi, pamoja na ubavu anapokaa kidole gumba. Kama mgongo wa kipanya ni ule wa raba laini ambao umeanza kunata wenyewe, huo si uchafu, ni raba inayozeeka, na spiriti nyingi itaiharakisha. Kadhalika, kipanya kinachobofya mara mbili ulipobofya mara moja kimechoka swichi. Usipoteze spiriti yako hapo.

Mara ngapi? Kwa ninyi watatu, anayeingia zamu afute uso wa vitufe na kipanya kwa kitambaa cha dawa, kazi ya dakika mbili, kisha anawe mikono. Kugonga na kupiga brashi, mara moja kwa wiki. Kung'oa kofia, mara moja au mbili kwa mwaka. Au njia ninayoipenda zaidi mimi mvivu: kila mmoja awe na kibodi na kipanya chake, achomeke anapofika na achomoe anapoondoka.

Ukishairudisha N mahali pake na spiriti imekauka kabisa, washa kompyuta, uandike haraka mara kumi: nani ananinong'oneza nini. N zote zikitoka na kitufe cha nafasi kikirudi juu hata ukikibonyeza pembeni, umemaliza. N zikitoka mbilimbili au zikikosekana baada ya usafi wote huo, swichi ndiyo mbovu. Niandikie uniambie ni kibodi ya aina gani, kwa sababu ya mekanika hubadilishwa swichi moja peke yake.